Visoda, Helmeti na Chesi ya 960

Kisumu ubao haununuliwi, unachorwa. Pitia stendi yoyote ya boda Kondele ama Nyalenda, jua ikiwaka na kastoma wamepotea, utacheki mbogi imezingira kipande ya mbao: miraba 64 za biro, visoda 24. Msee mmoja anaweka zake 12 zikiangalia juu, mwingine anafunika zake. Rangi hatuna haja nayo. Kisoda ikifika mwisho inabebeshwa ingine mgongoni, na hiyo ndio kingi. Drafti ya Waingereza, kingi inatambaa mraba moja moja. Ya kwetu inateleza mshazari mzima, inakulia ukiwa umejisahau. Maze, hapo ndio mchezo inabamba.

Na hii akili haikuja na soda. Wazae wa Kijaluo wamecheza ajua toka kitambo, safu mbili za mashimo na kokoto, hata hapo chini kwa mchanga. Shuka Lamu upate bao, mashimo 32, kete 64. Huko Ulaya, Władysław Gliński wa Poland alibuni chesi ya ubao wa pembe sita: vyumba 91, rangi tatu, maaskofu watatu kila upande. Kumbe kila mahali watu huchora ubao wao.

Ndio maana sikubali mtu akisema chesi ni ya watoto wa masonko. Lakini chesi ya kawaida iko na shida ya ukweli. Mwenye kocha, kompyuta na vitabu amekariri hatua mob kabla hata akae chini. Morio wa Manyatta anaumiza kichwa hatua ya tatu, mwenzake anakumbuka tu. Hapo ni ganji inacheza.

Bobby Fischer, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia 1972, alileta dawa yake Buenos Aires mwaka wa 1996. Askari wanabaki palepale, ila wakubwa wa safu ya nyuma wanapangwa kwa bahati, pande zote mbili sawa. Masharti ni mawili: maaskofu wakae rangi tofauti, na mfalme awe katikati ya ngome zake. Inatoka mipango 960. Jaribu kukariri hiyo! Mwaka wa 2019 huko Norway, Wesley So alimtandika Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa chesi ya kawaida wakati huo, 13.5 kwa 2.5 kwa fainali ya mchezo huu.

Sasa omera, ubao ya drafti iko na miraba 64, sawa kabisa na ya chesi. Okota visoda 32. Upande mmoja andika jina la kila kete ndani, ule mwingine funika ubandike karatasi yenye jina juu. Andika wale wakubwa wanane kwa vikaratasi, tia ndani ya helmeti, chomoa kimoja kimoja ukipanga kutoka kushoto. Masharti yakivunjika, rudisha zote uchomoe upya. Mkiwa wanne, chezeni timu mbili kwa mbao mbili: chenye umekula unampasia mwenzako, akitaka anakiangusha kwa ubao wake badala ya kusonga. Hiyo ni ya mbogi, kelele ndani.

Wasee wa vilabu vya chesi, shukeni stendi na hii 960. Wachezaji wako hapo tayari, na wamezoea kuona mtego mapema. Wapeni nafasi.