Msonobari Haukuja Peke Yake

Nchi zetu za Afrika Mashariki hazikuwa na msonobari hata mmoja wa asili. Ile misitu mikubwa ya Sao Hill, kule Mufindi, Tanzania, imetokana na mbegu za ugenini, na aina mojawapo iliyotamalaki huko asili yake ni Mexico. Wenyeji huiita paini. Mbegu yake ni rahisi kusafirisha: unaitia mfukoni, inavuka bahari. Lakini wataalamu wa misitu wa enzi ya ukoloni walipoipanda sehemu mbalimbali za Afrika, walikumbana na jambo lililowatatiza. Mbegu ziliota vizuri, miche ikafika urefu wa kidole, kisha ikadumaa. Majani yakageuka njano, mengine zambarau. Maji ilipata, palizi ilipata. Mara nyingine kwenye tuta hilohilo kulikuwa na kijiduara cha miche ya kijani iliyonawiri, na shubiri moja pembeni wenzake wanakufa.

Siri ilikuwa mizizini. Ng'oa taratibu mche wa paini wenye afya, uusuuze kwenye ndoo ya maji. Utaona vijizizi vifupi vilivyogawanyika ncha mbili kama panda ya manati, kila ncha imevaa soksi laini. Soksi hiyo ni kuvu. Kutoka hapo hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele hadi mahali mzizi usipofika, zikinyonya maji na fosforasi na kuuletea mti. Mti nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa majanini. Ushirika huu huitwa mikoriza, na paini bila huo haiendi popote.

Dawa yake ilikuwa udongo. Ulichotwa chini ya misonobari iliyokomaa, ukachanganywa na ule wa kitaluni. Huko Puerto Rico, mwaka 1955, udongo ulioletwa kutoka North Carolina ndio uliokwamua miche iliyokuwa imekataa kukua. Mpaka leo mtunza kitalu mzoefu hajazi viriba kabla ya kuchanganya udongo wa msitu wa paini. Na mvua zikinyesha, chini ya miti hiyo huchomoza uyoga wenye kofia ya kahawia inayoteleza kama bamia. Huyo naye ni mgeni. Alikuja na mwenyeji wake.

Hata jina lenyewe la mikoriza lilizaliwa kwenye uyoga. Serikali ya Prussia ilitaka kulima trufo, uyoga wa bei kali unaokomaa chini ya ardhi na kutafutwa kwa pua za mbwa. Kazi akapewa mtaalamu wa mimea Albert Bernhard Frank. Trufo hakufanikiwa kuzilima, ila mwaka 1885 aliupa ushirika ule jina. Wakati huo mkulima wa kusini mwa Ufaransa, Joseph Talon, alikuwa ameshaonyesha njia miongo mingi nyuma: alipanda mbegu za mialoni iliyozaa trufo, miaka ikapita, akachimba trufo chini ya miti yake michanga. Tangu miaka ya 1970 miche huuzwa ikiwa tayari imeambukizwa kuvu hiyo. Hata hivyo mkulima husubiri miaka kadhaa, na wengine huambulia miti mitupu.

Shambani kwetu kuna mikoriza ya namna nyingine, inayoingia ndani ya mzizi na haionekani kwa macho. Mahindi, mtama, vitunguu, na hasa muhogo, huitegemea. Kabichi na sukuma wiki haziihitaji. Siku hizi huuzwa unga wa kuvu hizi, na naomba mkulima aujaribu kwanza kwenye matuta mawili kabla ya kutoa pesa ya shamba zima, kwa sababu ardhi nyingi ina kuvu zake tayari. Jembe la kila mara hukata nyuzi zake, mbolea nyingi ya fosfeti huufanya mmea uache kuzilisha, na ardhi iliyoachwa tupu huzishindisha njaa.

Linaloniuma zaidi ni misitu ya miombo. Miti yake, mitundu na mitondoro, ina kuvu zake za asili, ambazo hakuna aliyezipanda, na ndizo zinazotoa uyoga wa rangi ya machungwa unaouzwa kandokando ya barabara masika yakiingia. Msitu ukikatwa visiki vikaachwa, mizizi hubaki hai, machipukizi hutoka na kuvu huendelea kulishwa. Visiki viking'olewa ili papandwe tumbaku, uyoga hutoweka, na hakuna kitalu kinachouza mbegu yake.