Mpatanishi si Mtazamaji

Neno 'wapatanishi' katika Mathayo 5:9 limetokana na kitenzi 'pata'. Kiambishi '-an-' huleta kutendana: muuzaji na mnunuzi wa sokoni Thika hupatana bei kila mmoja akilegeza kidogo. Kiambishi '-ish-' huongeza anayewafanya wapatane. Apendaye utulivu tu, basi, hajawa mpatanishi.

Januari 2008, jirani yangu hapa Ruiru alifungasha vyombo akahama kwa sababu ya kabila lake. Sisi tulioomba amani kila Jumapili tulimchungulia dirishani. Tarehe 28 Februari, Kofi Annan aliwapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga. Je, jirani yangu alipatanishwa na nani?

Walimu wenzangu, tufundishapo mnyambuliko huu, tukumbuke kwamba '-ish-' hudai mtendaji.