Rafiki wa Kukariri Hafai Mtihanini

Mwaka 2021, waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waajiriwe Uingereza, ni 10 tu waliofaulu. Wengi walistaajabu: je, si Kiingereza walichosomea?

Naam, lakini kusomea lugha si kuizungumza. Katika mtihani wa IELTS, mtahiniwa aweza kutakiwa amweleze rafiki yake. Hupewa dakika moja ya kujiandaa, kisha azungumze kwa dakika moja hadi mbili. Wapo wanaoingia na rafiki wa kukariri, asiye na ila wala jina. Mtahini akiuliza kwa nini marafiki hukosana, ndimi zao hugota, kwani insha haikufika huko.

Kinachopimwa si ubora wa rafiki bali ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi. Anayemzungumzia sahibu anayemjua kweli hakosi la kuongeza.

Basi walimu, tusiwafunze vijana kujibu maswali tu. Tuwaache wasimulie maisha yao kwa Kiingereza, hata wakikosea. Riziki ya mtu isipotee kwa kukosa mazoea ya kuzungumza.