Siku mbili zatosha kuijua Mombasa ya kale, mradi zipangwe

MSAFIRI anayejipangia siku mbili mjini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hutafuta kwanza malazi karibu na mitaa ya kale ili aizunguke kwa miguu. Wakenya wengi wanaoteremka Mombasa kwa likizo fupi hufanya kinyume. Hufikia hoteli za Nyali, Bamburi au Diani, hutenga saa moja ya kuitazama Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno hao hao kati ya 1593 na 1596, kisha hurudi ufuoni wakiamini wameuona mji.

Tatizo si uchache wa siku. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo na sehemu zake za kihistoria zimekaribiana. Kinachohitajika ni kuchagua vyema mahali pa kulala, na kuzipanga saa kwa kuzingatia jua, swala na biashara.

Ganjoni, mtaa wa makazi ulio kusini mwa kisiwa, unafaa kwa shughuli hiyo. Kutoka hapo hadi Mji wa Kale ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, au safari fupi ya tuktuk. Kivuko cha Likoni na bustani ya Mama Ngina pia viko karibu.

Abiria wa treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2017, akumbuke kwamba stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Ni lazima atenge muda na nauli ya kuingia mjini. Anayeondoka Nairobi Ijumaa alasiri hufika usiku, hivyo malazi yawe yameshalipiwa. Tiketi nazo zikatwe mapema, hasa msimu wa likizo za shule na sikukuu.

Jumamosi ianze Ngomeni, kama wenyeji wanavyopaita. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Raia, wakaazi na wageni wa nje hutozwa viwango tofauti, kwa hivyo kitambulisho kisisahauliwe nyumbani.

Ziara hiyo itengewe saa mbili au zaidi. Ndani mna kumbukumbu za mazingira yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698 Waomani walipoiteka ngome, pamoja na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama hapo 1697. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.

Kutoka Ngomeni, msafiri afuate Ndia Kuu, penye milango ya nakshi na roshani za mbao, hadi bandari ya kale. Atapita karibu na Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi mjini. Avae mavazi ya staha, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na asiingie msikitini bila kukaribishwa.

Alasiri iachiwe kanga za Mtaa wa Biashara na viungo vya Marikiti. Ununuzi usiahirishwe hadi Jumapili, kwani baadhi ya maduka hufungwa siku hiyo. Jioni ni wakati wa mishkaki, viazi karai na kahawa chungu kwa kashata.

Jumapili, baada ya mahamri na mbaazi, msafiri aelekee Mama Ngina penye mibuyu, ambako meli huonekana kwa karibu zikiingia Kilindini. Akitaka, avuke Likoni na kurudi. Watembeao kwa miguu hawatozwi nauli.

Majira nayo yana uzito. Aprili na Mei ni miezi ya masika, na vichochoro huweza kujaa maji. Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma, joto hupungua. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, lakini usiku mitaa huchangamka.

Mpango huu una manufaa yanayompita msafiri. Nyumba za mawe ya matumbawe huhitaji matengenezo ya mara kwa mara, na baadhi zimeshabomolewa zikapisha majengo ya saruji. Mgeni anayepita kwa saa moja huacha kiingilio tu. Anayelala kisiwani, akala mikahawani na kumlipa kiongozi wa watalii aliye na kibali, huwapa wenyeji sababu ya kuzitunza kuta hizo. Ujira wa kiongozi huyo ukubaliwe kabla ya kuanza matembezi, ili pasizuke mzozo mwishoni.