Tsuba na Njumu: Istilahi za Kikingamkono cha Upanga wa Kijapani

Neno la Kijapani tsuba lina maana ya bamba la madini livishwalo kwenye upanga, baina ya bapa na mpini. Mfasiri akutanaye nalo katika maelezo ya makumbusho huweza kushawishika kuandika "ngao ya upanga". Tafsiri hiyo hupotosha. Ngao hubebwa mkononi ili kuzuia pigo la adui. Tsuba, pamoja na kuukinga mkono na silaha ya adui, huuzuia usiteleze ukafika kwenye makali ya upanga wenyewe. Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi kikingamkono.

Katikati ya kikingamkono pana tundu la kupitishia msuka, yaani sehemu ya upanga iingiayo katika mpini. Neno msuka limekwisha kutumika kwa jembe. Hapana haja ya kubuni jingine.

Tatizo kubwa zaidi ni jina la mapambo yake, ambayo Wajapani huyaita zogan. Neno tarizi halifai, kwani ni la uzi na nguo. Nakshi nalo ni pana mno, kwa kuwa huhusu hata mlango uliochongwa. Lakini Kiswahili kina neno njumu, litumikalo kwa fedha au madini mengine yaliyopachikwa katika mbao au chuma. Hilo ndilo hasa.

Kutokana nalo twaweza kupata istilahi tatu. Njumu sawa ni ile ambayo fundi huchimba mfuo kwa tindo, akaupanua chini kuliko mdomoni, kisha akagongea humo waya wa dhahabu au fedha hadi ukalingana na uso wa chuma. Njumu ya mwinuko huachwa ijitokeze juu ya uso huo. Njumu ya mikwaruzo hufanywa kwa kuukwaruza uso mistari ya kukatana kama mfumo wa nguo, na bamba jembamba la dhahabu likagandamizwa juu yake.

Majina ya michanganyiko ya madini, kama shakudo, yaani shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo na kufanywa nyeusi kwa maji ya dawa, yabaki yalivyo, maana hayana kifani kwetu.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku raia walio wengi kuvaa panga hadharani, na mafundi wengi wakapoteza wateja. Kano Natsuo (1828–1898), bingwa wa kazi hiyo, alikuwa amekwisha kushirikishwa katika kubuni sarafu mpya za nchi yake.

Ufundi ukipungua, maneno yake nayo huwa hatarini. Vijana wengi leo hulijua neno njumu kwa maana ya viatu vya kandanda tu. Maana hiyo ni halali, lakini isiifute ile ya kwanza. Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wakiitumia katika maandishi yao, itadumu.