Wake Wawili wa Mwezi: Sayari ya Zuhura katika Hadithi na katika Anga

Katika masimulizi ya Wanyanja wa Malawi, Mwezi ana wake wawili. Mmoja ni Chekechani, nyota ya alfajiri. Wa pili ni Puikani, nyota ya jioni. Chekechani ni mchoyo. Hampi mumewe chakula, naye Mwezi hukonda siku hata siku mpaka akatoweka. Puikani humlisha vizuri, naye hunenepa mpaka akawa mpevu.

Ni rahisi kuipuuza hadithi hii na kuiona ngano ya kuchekesha watoto. Hata hivyo, atakayeilinganisha na anga atatambua kwamba walioitunga walikuwa watazamaji makini. Mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi mara baada ya jua kutua, na kila jioni huwa mnene kuliko jana. Mwezi unaopungua huchelewa kuchomoza kila usiku, hata siku zake za mwisho huonekana kama ukucha mwembamba upande wa mashariki, kabla tu ya macheo. Basi kunenepa huonekana jioni, na ukondefu wa mwisho huonekana alfajiri, kama hadithi isemavyo. Kosa liko katika sababu. Umbo la Mwezi halibadiliki. Kinachobadilika ni kiasi cha upande wake uliomulikwa na jua kinachoweza kuonekana kutoka duniani.

Kosa la pili ni kwamba wake hao wawili ni mmoja. Ni sayari ya Zuhura, ambayo katika Kiswahili huitwa pia Ng'andu. Sayari hii hulizunguka jua ndani ya njia ya Dunia, na kwa hiyo katika anga haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Ndiyo sababu katika nchi zetu haionekani usiku wa manane. Humaliza mzunguko wake kwa siku 225, na kwa kuwa Dunia huhitaji siku 365, Zuhura huipita Dunia mara moja katika kila siku 584 hivi. Huonekana jioni kwa muda wa miezi minane hivi, kisha hupotea kwa siku chache inapopita kati ya Dunia na jua. Baadaye huibuka alfajiri, nako hukaa karibu miezi minane, kabla ya kufichwa tena kwa majuma kadhaa na mng'ao wa jua, safari hii ikiwa upande wa pili wa jua. Anapokuwapo mke mmoja, mwenziwe hayupo.

Wanafunzi na wazidishe 584 kwa 5, kisha 365 kwa 8. Majibu yote mawili ni 2,920. Kwa hiyo kila baada ya miaka minane Zuhura hurudi karibu pale pale, katika tarehe zinazokaribiana. Wamaya wa Amerika ya Kati waliujua uwiano huo, na majedwali yao yamo katika kitabu kinachohifadhiwa Dresden, Ujerumani. Hata katika zama zetu Zuhura ilipita mbele ya uso wa jua tarehe 8 Juni 2004, na tena tarehe 6 Juni 2012.

Mwishoni mwa mwaka 1610 Galileo aliielekeza darubini yake kwenye nyota ya jioni, akaona kwamba nayo hupungua kama mwezi. Mwezi Desemba alimpelekea Kepler habari hiyo ikiwa imefichwa katika herufi zilizovurugwa. Zilipopangwa upya zilieleza, kwa majina ya washairi wa Kirumi, kwamba mama wa mapenzi huigiza maumbo ya Cynthia, yaani Mwezi. Maumbo hayo yote yasingeweza kuonekana kama Zuhura isingelizunguka jua.

Hapo pana jambo ambalo macho matupu yasingeweza kumwonyesha msimulizi yeyote. Zuhura ya jioni huanza ikiwa karibu duara kamili, nayo hupungua kadiri inavyoikaribia Dunia. Ya alfajiri huanza ikiwa nyembamba ikajaa polepole. Puikani, anayemlisha mumewe, hukonda yeye mwenyewe. Chekechani mchoyo ndiye anayenenepa. Darubini ndogo ya shule inatosha kulithibitisha hilo, mradi isielekezwe huko kabla jua halijatua kabisa.