Tusitupe Masega, Nta ni Mali

Ndugu wafugaji wa nyuki, wengi wetu tukishakamua asali tunatupa masega. Jamani, hizo ni fedha! Masega ndiyo nta. Nta ya Tabora iliuzwa nchi za nje tangu enzi za Wajerumani. Hutengenezwa mishumaa na mafuta ya kujipaka.

Nta hutoka chini ya tumbo la nyuki. Haichanganyiki na maji. Ndiyo maana ukiipaka kwenye ngozi iliyopasuka, huzuia unyevu usitoke.

Tuipateje?

1. Tuoshe masega mpaka asali iishe.
2. Tuyachemshe polepole katika maji, ndani ya sufuria ya aluminiamu. Chombo cha chuma huharibu rangi ya nta.
3. Tuchuje kwa kitambaa na kukamua.
4. Tuache ipoe mpaka kesho. Nta itaganda juu ya maji. Tukwangue uchafu wa chini.

Hadhari: tusiyeyushe nta juu ya moto bila maji. Hushika moto!

Kwa mafuta ya ngozi, tuchukue kijiko 1 cha nta na vijiko 4 vya mafuta ya alizeti. Tuviyeyushe pamoja katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, kisha tukoroge mpaka yapoe.

Basi, msimu huu tuuze asali, na nta nayo tuiuze.